Paa la Nyumba ya Kiponda: Habari za Kigae Kilichopasuka

Jamaa zangu wapenzi, mlioko Maskati na Sur, Dubai na Portsmouth, na kila pembe mlikotawanyika,

Mara nyingi nimewaandikia habari za safari za mababu, za ndoa zao na za mirathi. Leo nawaomba mnivumilie nikiwaandikia habari za kitu kidogo, nacho ni kigae cha paa.

Mvua kubwa zilizoinyeshea Omani katikati ya Aprili 2024 ziliua watu na kuharibu njia, na mbele ya misiba ile, kuvuja kwa baraza yangu si jambo la kumtajia jirani. Kwenu nitalitaja kwa sababu ya mahali tone lilipoanguka. Baraza ile niliizungushia kuta ikawa chumba changu cha makaratasi. Nyumba nzima ina paa bapa kama nyumba nyingi za huku, lakini chumba hicho nilikiezeka vigae vyekundu mwaka niliostaafu, si kwa haja bali kwa kuukumbuka utoto wangu. Usiku wa pili wa mvua nikasikia tone. Nilipowasha taa nikaona maji yanaangukia sanduku la bati ninamohifadhi nyaraka za ukoo, na ndani ya sanduku hilo, kama mjuavyo, imo hati ya nyumba yetu ya Kiponda, Unguja.

Hati haikuguswa na maji. Niliweka ndoo, nikakaa karibu nayo hadi alfajiri, na muda wote huo nikawa nafikiria jambo ambalo kwa miaka 25 nimekwepa kuliandika.

Nianze na asili yake. Wazee wetu walipohama Omani na kujenga Unguja, walijenga kama walivyojua: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, mawe madogo juu yake, kisha chokaa iliyopigwa hadi ikashikana ikawa sakafu. Sakafu ya juu kabisa ndiyo iliyokuwa paa. Boriti hazikuwa ndefu, kwa hiyo vyumba vikawa virefu na vyembamba, Unguja kama Maskati. Na boriti zenyewe zilikuwa za asili moja, maana miti ya Rufiji na Lamu ilipakiwa majahazini na kupelekwa kwa pepo za kusi kuezeka nyumba za Ghuba, ambako watu huiita chandal. Kabla hatujazaliwa sisi sote, paa la Mwarabu lilikwishalala juu ya miti ya Afrika.

Ila mvua za nchi mbili hizi hazilingani. Maskati hupata kiasi cha milimita 100 kwa mwaka, na Unguja hupata zaidi ya 1,500, nyingi zikishuka wakati wa masika, baina ya Machi na Mei. Paa bapa lililowatosha wazee kwao likawa mzigo ugenini. Chokaa hupata nyufa, maji husimama juu yake, huzama, na hatimaye hufika kwenye vichwa vya boriti vilivyofukiwa ukutani. Boriti huoza pale pale pasipoonekana. Ndiyo maana, tangu mwishoni mwa karne ya 19, wenye nyumba wengi wa Mji Mkongwe walisimamisha paa la mteremko juu ya paa bapa. Wengi waliezeka mabati, na baadhi yao, babu wa baba yangu akiwa mmoja, waliezeka vigae kutoka India.

Vigae hivyo tuliviita vya Mangalore, kwa jina la mji wa pwani ya magharibi ya India. Huko, mwaka 1865, Georg Plebst wa misheni ya Basel alianzisha kiwanda mahali paitwapo Jeppu, kando ya mto Netravati, ambao udongo wake una chuma kingi na ukichomwa huwa mwekundu. Umbo lake lilifuata vigae vya Ufaransa, vile ambavyo ndugu wawili wa Alsace, akina Gilardoni, walivipatia hataza mwaka 1841: kila kigae kina mifereji na kingo zinazoingiliana na za jirani yake, na kwa chini kina meno mawili ya kuning'inia kwenye papi. Hakihitaji chokaa wala msumari. Kimoja kina urefu wa kiasi cha sentimita 40 na uzito wa kilo mbili hadi tatu, na hufunika kwa pamoja na wenziwe kama viganja vilivyopishana vidole. Pepo za kaskazi zilivileta majahazini hadi Mombasa na Unguja, na jahazi zile zile zikirudi na boriti. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, viwanda vya misheni ile vilichukuliwa na Waingereza kuwa mali ya adui, vikapewa wenyewe wengine. Vigae havikubadilika kwa hilo, viliendelea kufinyangwa kwa kalibu zile zile.

Kiswahili kina jambo la ajabu hapa. Kigae, kabla ya kuwa kigae cha paa, ni kipande cha chungu kilichovunjika. Lugha yetu imekipa kitu kizima jina la kitu kilichovunjika, kana kwamba ilijua mapema kwamba kila paa la vigae ni paa linalongoja kupasuka, na kwamba atakayekaa chini yake lazima awe na mtu wa kulitazama.

Kwetu mtu huyo alikuwa fundi mmoja mzee, mwembamba, aliyewahi kufanya kazi ya majahazi kabla ya kuwa fundi wa mapaa. Alikuja kila mwaka kaskazi inapolegea, wiki mbili tatu kabla ya masika. Mimi nilizaliwa 1958, na tangu nilipokuwa na miaka minane bibi yangu alinituma nimshikie ngazi. Kazi yenyewe niliiona mara tisa, na nitaieleza kama nilivyoiona, kwa sababu wengi wenu mna nyumba za vigae katika nchi mliko.

Kwanza hakupanda juu. Aliingia darini mchana wa jua kali, akaziba madirisha, akatafuta nuru. Palipopita uzi wa mwanga palikuwa na ufa. Alitia alama kwa makaa, lakini alinionya kwamba maji hayavujii pale yanapoingilia. Huingia juu, yakatambaa juu ya papi, yakaanguka mbali, na mjinga hubadilisha kigae kizima akaacha kibovu. Basi aliufuata unyevu juu ya mbao, akipanda nao hadi chanzo chake.

Asubuhi ya pili alipanda, umande ukishakauka na jua halijawa kali. Alitandika ubao ili uzito wake ugawanyike, na pasipo ubao alikanyaga chini ya kigae, pale kinapolaliana na mwenziwe na kuegemea papi. Kukanyaga tumboni, alisema, ni kujitafutia kazi ya mwakani. Aligonga kila kigae kwa kifundo cha kidole, kama mwanamke anunuavyo chungu sokoni. Kizima hulia. Kilichopasuka hutoa sauti butu, hata kama jicho halioni kitu.

Kubadilisha kulikuwa kazi ya dakika tano. Aliviinua vigae viwili vya juu kwa kabari ndogo za mbao, akakisukuma kibovu kuelekea juu hadi meno yake yakaachia papi, akakivuta chini na kukitoa. Kisha alilipapasa papi lenyewe. Likiwa laini kwa ukucha, lilibadilishwa nalo. Kigae kipya kilipita njia ile ile, kikashika, kabari zikatolewa. Ufa mwembamba kama unywele, ambao haujapita chini, aliupaka kwa ndani deheni, chokaa iliyofinyangwa na shahamu kama ipakwavyo matumboni mwa vyombo. Saruji aliikataa. Alisema saruji ni ngumu kuliko kigae, na jua likiwaka haviendi pamoja, kwa hiyo mwaka wa pili hubanduka na nyama ya kigae. Palipohitaji chokaa ni mgongoni mwa paa tu, ambako vigae vya mwamba hulazwa juu ya tandiko la chokaa, na tandiko hilo likifa huchimbuliwa lote, mahali pakalowanishwa, ndipo likatandikwa upya.

Sharti la kazi yote hiyo ni kuwa na vigae vya akiba. Vigae vya viwanda mbalimbali havikubaliani, kimoja mfereji wake mpana, kingine jino lake fupi. Mwenye busara aliagiza akiba siku ile ile alipoagiza paa. Babu wa baba alifanya hivyo, akavipanga chini ya ngazi, penye chumba kidogo chenye ufunguo.

Sasa nifike nisipopenda kufika. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitoka mikononi mwa wenyewe, na yetu ilikuwa miongoni mwao. Bibi alibaki katika vyumba viwili vya mbele, na vyumba vingine vikapewa jamaa wanne waliotoka mashamba. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja kijana na wanawe, aliyetumia jiko moja na bibi. Fundi aliendelea kuja, bibi akimlipa kwa kuuza kidogo kidogo alichokuwa nacho. Mwaka 1975 tulipata njia ya kuja Omani. Asubuhi ya safari nilikuwa nikishusha masanduku, nikamwona bibi amesimama chini ya ngazi na yule mama, amempa ufunguo wa chumba cha vigae. Nilikuwa na miaka 17. Nililiona jambo lile nikapita nalo kama mtu anayepita mlango usio wake.

Sanduku la nyaraka nililibeba mimi. Nikawa karani, na kwa miaka 32 kazi yangu ilikuwa kuhifadhi majalada ya watu wengine. Hati yetu niliitunza kama mboni ya jicho. Nilipiga nakala yake zaidi ya arubaini, nikazitia mihuri, nikawagawia mawakili na jamaa. Mnajua mabishano yaliyofuata, nani mrithi wa nani, tawi lipi lina fungu lipi. Baadhi ya barua hizo ninazo, na nyingine ni afadhali zipotee.

Mwaka 1999 nilikwenda Unguja na nakala mfukoni. Nilipopiga hodi alinifungulia yule mama, sasa mwenye mvi.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Ingia. Umechelewa kuja."

Nilidhani anazungumzia nyumba, nikaanza kumweleza kwamba sikuja kumtoa. Hakunisikiliza. Alinishika mkono akanipeleka chini ya ngazi, akafungua kwa ufunguo ule ule.

"Bibi yako alinikabidhi vigae sitini na kimoja," alisema. "Vimebaki vinne. Huko mliko vinapatikana?"

Kwa miaka 24 alikuwa ameweka vigae 57 juu ya vyumba vya mbele. Alianza kwa mkono wa yule fundi, na fundi alipofariki akaendelea kwa mkono wa mwanawe aliyefunzwa na fundi. Upande wa nyuma haukuwa chini yake. Huko vigae vilivyopasuka viliachwa, vingine vilikwishateleza, na darini palikuwa na ndoo na madebe. Nilipanda nikaona. Vyumba vya mbele vilinuka vumbi kavu kama zamani, na hatua kumi tu nyuma ukuta ulikuwa mweusi, chokaa yake inachimbuka kwa kidole. Kuta za Mji Mkongwe hazifi kwa kubomolewa. Maji huingia kichwani mwake, huilainisha chokaa ya ndani, na boriti zikioza sakafu huachia moja baada ya moja. Nyumba hufa kuanzia juu.

Aliponiaga alinipa kipande cha kigae kilichovunjika chenye nusu ya chapa ya kiwanda, ili nikatafute cha mfano wake. Nilisema nitatafuta.

Niliporudi Maskati niliisoma hati upya, na hapa ndipo pananiumiza. Babu wa baba aliiweka nyumba wakfu kwa kizazi chake, na sote tulikuwa tukisoma mafungu ya wanaonufaika. Lakini sharti la kwanza lililoandikwa, kabla ya jina la mtu yeyote, ni kwamba kodi ya maduka mawili ya chini itumike kwanza katika matengenezo ya jengo, na kitakachobaki ndicho kigawanywe. Nami niliyesoma Kiarabu tangu chuoni nilijua kwamba hilo si sharti la ajabu. Ni kanuni ya fiqhi kwamba matengenezo ya wakfu hutangulia haki ya wanaonufaika nao. Wanachuoni huyaita imara, neno ambalo Kiswahili kimelichukua kikalifanya sifa ya kitu kisichotikisika. Nilikuwa nimelinakili neno hilo zaidi ya mara arubaini.

Nikawaandikia jamaa 23, nikapendekeza kwamba kabla ya kuendelea na madai tuchangie paa. Walijibu tisa. Mmoja aliandika kwamba tukiezeka tutakuwa tunawaezekea wengine. Mwingine alisema hati ishughulikiwe kwanza, paa baadaye. Siwalaumu, kwani nami nilikuwa nimesema hivyo hivyo kwa miaka mingi, kwa maneno mazuri zaidi. Fedha zilipotimia ulikuwa mwaka 2002. Katika masika ya 2001 upande wa nyuma ulikuwa umekwishaanguka, mchana, watoto wakiwa shule. Hakuna aliyeumia. Upande wa mbele ulisimama, na umesimama hadi leo.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakafa. Mnakumbuka siku zile simu zetu zilivyojaa picha na machozi. Nami nililia. Lakini nilijiuliza ni wangapi miongoni mwetu, katika miaka yote tuliyojivunia majumba ya Unguja, tuliwahi kuuliza nani yuko juu ya paa.

Turudi kwenye baraza yangu. Jua liliporudi nilipanda. Mwanangu alitaka kuita kampuni, akaniambia, "Baba, umri huo si wa ngazi," na ana haki. Tulikubaliana kwamba yeye asimame juu ya ngazi nyuma yangu na mjukuu ashike miguu yake. Nilivigonga kwa kifundo cha kidole. Cha tisa kutoka ukingoni kilitoa sauti butu. Ufa ulianzia katikati ya tumbo, alama ya mtu aliyekanyaga vibaya, na nikakumbuka kwamba fundi wa kiyoyozi alipita hapo kabla ya mvua. Kabari mbili, kusukuma juu, kuvuta chini. Papi lilikuwa gumu. Kigae cha akiba kilishika mara moja. Dakika tano zikawa ishirini, kwa ajili ya magoti.

Mjukuu alipouliza nani aliyenifunza, nilitambua kwamba jina la fundi yule silijui. Tulimwita Fundi tu. Hati ina majina ya mashahidi sita ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda juu ya paa lile.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. La kwanza, shajara ya ukoo ninayoiandika itakuwa na ukurasa wa waliotunza nyumba: bibi yetu, fundi, na yule mama aliyefariki 2009 akamwachia mwanawe ufunguo. Mwenye kukumbuka jina la fundi, au mwenye picha ya zamani inayoonesha paa la Kiponda, aniletee. La pili, mwana wa yule mama ananiarifu kwamba nyumba moja ya jirani inabomolewa na vigae vyake vina chapa sawa na kipande nilichonacho mezani. Anahitaji sitini, na masika hayapo mbali. Safari hii sitaandika barua 23. Vya kwanza ishirini nimekwishavilipia.

Nduguyenu, mtunza sanduku.